Fuata Doa Hadi Lilipoanzia

Ndugu mafundi, wanafunzi wa ufundi, nanyi wenye magari mliokuja kutusikiliza, nawasalimu nyote.

Nitazungumza juu ya grisi inayovuja kwenye shafti zinazozungusha magurudumu ya gari. Wapo watakaoona ni jambo dogo: mpira unaofunika jointi, yaani kiungo cha shafti kinachopinda, umechanika, badilisha mpira, kazi imekwisha. Mimi naliona kubwa. Hapa ndipo mwenye gari anapouziwa shafti nzima ilhali ni klipu moja iliyolegea. Hapa ndipo fundi anapofunga mpira mpya juu ya jointi iliyokwisha kufa. Na hapa ndipo oili ya giaboksi inapoitwa grisi, watu wakahangaika na jointi huku giaboksi inakauka. Makosa hayo matatu yana chanzo kimoja: mtu ametaja kifaa kibovu kabla hajafuata doa hadi lilipoanzia.

Tukumbushane kwanza kilichopo pale chini. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina shafti mbili, na kila shafti ina jointi mbili, moja ya nje karibu na gurudumu na moja ya ndani karibu na giaboksi. Ya nje kwa kawaida ina gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji, nayo ndiyo inayopinda unapokata kona, hadi kufikia nyuzi 45 au zaidi. Ya ndani mara nyingi ni ya miguu mitatu yenye rola. Hiyo haipindi sana, ila huteleza ndani na nje ili shafti irefuke na kufupika gari linapopanda na kushuka juu ya springi zake. Jointi ya gololi ilibuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, katika miaka ya 1920, na Mini ya mwaka 1959 ni miongoni mwa magari yaliyoifanya ijulikane kote. Ilihitajika kwa sababu jointi ya msalaba, kama ile ya propela shafti, shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikipinda huzungusha kwa mwendo usio sawa: inaharakisha na kusita mara mbili katika kila mzunguko. Gurudumu la mbele lenye kona kali haliwezi kuvumilia hali hiyo.

Sasa sikilizeni jambo linalobeba kila nitakachosema baadaye. Jointi moja ya gari dogo hubeba grisi kidogo tu, mara nyingi kati ya gramu 80 na 150, na hiyo ni grisi ya maisha yake yote. Hakuna nipo, yaani kichuchu cha kusukumia grisi, ya kuiongezea. Inashikiliwa na mpira wenye mikunjo, ambao wengi wetu tunauita buti, pamoja na klipu mbili, kubwa upande wa kikombe cha jointi na ndogo upande wa shafti. Na shafti hiyo haizunguki polepole. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa, shafti yake huzunguka karibu mara 850 kwa dakika. Grisi ikipata upenyo haidondoki chini. Inarushwa nje kwa nguvu, pande zote, ikifuata mstari wa pale ilipotokea. Kwa hiyo inajichora yenyewe kwenye kila kilicho jirani: ndani ya rimu, kwenye kalipa inayobana pedi za breki, kwenye shokapu na springi, kwenye mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Fundi anayejua kuusoma mchoro huo ameshapata nusu ya jibu kabla hajafungua bolti hata moja.

Swali la kwanza si "inatoka wapi" bali "ni nini". Chukua kidogo kwa kidole, usugue kwenye karatasi nyeupe. Grisi ya jointi za nje mara nyingi imechanganywa na molibdenamu, na ndiyo inayoipa weusi ule unaogoma kutoka mikononi. Ni nzito, inanata, na kwenye karatasi inabaki pale ulipoiweka. Oili husambaa na kuacha duara la unyevu linalokua. Oili ya giaboksi ya otomatiki ikiwa mpya mara nyingi ni nyekundu na ni nyepesi, ikizeeka hugeuka kahawia. Oili nzito ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ina harufu ya salfa ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Lakini msiamini rangi peke yake. Jointi nyingi za ndani hutiwa grisi ya aina nyingine, ya manjano au ya kahawia, na oili yoyote iliyokusanya vumbi la barabarani hugeuka nyeusi na nzito hata ikafanana na grisi. Ndiyo maana nasisitiza karatasi na pua kuliko macho.

Kuna kimiminika kimoja ambacho hakingoji uchunguzi wa taratibu, nacho ni mafuta ya breki. Ukikuta ndani ya tairi pamelowa kitu chepesi, kinachoteleza, chenye rangi ya maji au ya chai hafifu, acha shafti. Fungua boneti utazame kwanza kiasi cha mafuta ya breki kwenye kopo lake. Gari la namna hiyo haliendeshwi kwenda kokote hadi breki zikaguliwe. Na hata kama kilichorushwa ni grisi kweli, tazama diski na pedi. Pedi iliyonyonya grisi haioshwi, inabadilishwa, kwa sababu gari litavuta upande mmoja siku dereva atakapokanyaga breki kwa hofu.

Ukishajua kwamba ni grisi, tazama imetua wapi. Mkanda wa weusi ndani ya rimu, kwenye kalipa na sehemu ya chini ya shokapu unaelekeza kwenye jointi ya nje. Weusi uliorushwa kwenye ubavu wa giaboksi, fremu iliyo chini ya injini au bomba la moshi unaelekeza kwenye jointi ya ndani. Unyevu ulioanzia juu ukateremka kwa mistari haukurushwa na shafti. Huo umetiririka, pengine kutoka kwenye kifuniko cha valvu, pengine kwenye shokapu iliyopasua sili yake, yaani pete ya raba inayozuia oili isitoke, pengine kwenye mpira wa stiringi. Upepo wa mwendo husukuma oili kuelekea nyuma ya gari, kwa hiyo sehemu ya mbele kabisa na ya juu kabisa iliyolowa ndiyo iliyo karibu na chanzo. Grisi iliyorushwa haijali upepo kiasi hicho. Inapiga mbele na nyuma sawasawa.

Kisha ukague kwa mikono. Pandisha gari, liweke juu ya stendi, usilitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Zima injini, weka gia huru, kata usukani hadi mwisho, halafu zungusha gurudumu kwa mkono huku kidole kikifungua mikunjo ya mpira mmoja baada ya mwingine. Hapa ndipo haraka inapowaponza wengi. Ufa haukai mgongoni mwa mkunjo ambapo tochi inaangaza vizuri. Hukaa bondeni, mara nyingi upande wa mkunjo mkubwa, na usukani ukiwa umenyooka unajifunga hata usiuone. Ukikata kona unafumbuka. Mpira wa nje huchoka mapema kuliko wa ndani kwa sababu ndio unaokunjwa kila kona, lakini wa ndani una adui wake, joto la injini na bomba la moshi, na fundi asipojilaza chini akautazama kwa nyuma hatauona kabisa.

Yawezekana ukakuta mpira umekauka na una mistari midogo midogo juu juu, ila hakuna grisi iliyotoka. Huo haujavuja. Mwambie mwenye gari ukweli kwamba mpira umezeeka na utachanika siku moja, kisha umwachie uamuzi. Kumtisha si ufundi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halifundishwi vya kutosha: mpira mzima kabisa, hauna ufa, na bado kuna grisi. Hapo uchunguze klipu. Alama yake ni pete nyembamba ya grisi kwenye ukingo wa mpira, ama kwenye kikombe ama kwenye shafti, huku mikunjo ya katikati ikiwa mikavu. Sababu zake ni nyingi, na kila moja ina dawa yake.

Klipu inaweza kuwa imelegea tu, au imefungwa bila mpira kukaa kwenye mfereji wake. Inawezekana aliyeufunga aliacha grisi kwenye sehemu ambayo mpira unatakiwa kuishika ikiwa kavu, nao ukateleza. Inawezekana alitumia klipu ya bomba la maji, ile ya skrubu. Klipu hiyo hubana kwa nguvu isiyo sawa, na kichwa chake kilichochomoza huzunguka kikitafuta cha kugonga. Siipendi hata kidogo kwenye shafti. Inawezekana grisi ilijazwa kupita kipimo kwa nia njema kabisa. Ikipata joto inatanuka, na kwa kuwa haina pa kwenda inajisukuma chini ya ukingo. Pakiti ya grisi inayokuja na mpira mpya imepimwa, tumieni hiyo yote, wala msiongeze. Au hewa ilifungiwa ndani wakati wa kufunga: mpira uliovimba kama puto, au ulionyonywa hadi mikunjo ikaingia ndani, unahitaji kufunguliwa ukingo wake mdogo upumue, shafti ikiwa kwenye urefu wake wa kawaida, ndipo klipu ifungwe tena.

Kwenye jointi ya ndani ya miguu mitatu kuna mtego mahsusi. Kikombe chake mara nyingi si cha duara kwa nje. Kina mabonde matatu. Mpira wenyewe ni wa duara, na kinachojaza mabonde hayo ni pete ya plastiki au ya raba iliyo kati ya mpira na kikombe. Nyingine zimeungana na mpira, nyingine ni kipande cha peke yake ambacho huvuliwa na mpira wa zamani na kutupwa nao. Ukifunga mpira mpya bila pete hiyo, hakuna klipu duniani itakayozuia grisi. Ukiona grisi inatoka mahali patatu kuzunguka kikombe, kwa nafasi zinazolingana, usikaze klipu zaidi. Fungua uangalie kama pete ipo.

Baadhi ya shafti hufungwa kwenye giaboksi kwa bolti sita au zaidi kwenye sahani ya duara. Jointi za namna hiyo zina kifuniko cha bati kwa nyuma, na kifuniko hicho kikilegea au gasketi yake ya karatasi ikichoka, grisi hutokea kati ya sahani mbili na kurushwa kupitia kwenye bolti. Mpira ni mzima, klipu ni nzima, weusi uko palepale. Nimeona mipira ikibadilishwa bure kwenye magari ya aina hii kwa sababu kila mtu alitazama mbele ya jointi, hakuna aliyetazama nyuma yake.

Kuhusu giaboksi yenyewe, kumbukeni kwamba shafti inapoingia ndani hupita kwenye sili ya oili. Sili hiyo ikivuja, unyevu huanzia pale shafti inapoingia, hulowesha kikombe cha jointi kwa nje, halafu shafti nayo huirusha hiyo oili, na mtazamaji wa haraka anasema mpira umechanika. Futa mpira. Ukiukuta mkavu na mzima chini ya ule unyevu, geukia sili. Na muulizeni mwenye gari swali hili kila mara: ni kazi gani ilifanyika hapa karibuni? Shafti ikichomolewa ovyo, meno yake hukwaruza mdomo wa sili, na uvujaji mpya huanza siku chache baada ya mpira mpya kufungwa. Au shafti ilirudishwa bila pete yake ya chuma kubofya mahali pake, ikabaki imetoka nje kidogo. Katika baadhi ya magari ya Renault, jointi ya ndani ya upande wa kushoto hulainishwa na oili ya giaboksi yenyewe, mpira ule ukiwa ndio ukuta wa mwisho. Ukipasuka hapo, oili ya giaboksi yote iko hatarini, na kupima kiasi chake ni sehemu ya kazi, si hiari.

Magari yenye ekseli nzima ya nyuma, yaani mhimili mmoja mgumu unaounganisha magurudumu mawili, yana habari yao. Huko kinachovuja hadi kwenye gurudumu ni oili ya difu iliyopita kwenye sili ya mwisho wa ekseli, na huishia ndani ya ngoma ya breki. Fundi hubadilisha sili, na baada ya muda inarudi. Kabla ya kuilaumu sili, tafuta tundu la kupumulia juu ya ekseli. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Tundu likizibwa na tope, shinikizo linasukuma oili kwenye njia iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ni sili, hata iwe mpya. Halafu pima kiasi cha oili gari likiwa kwenye usawa: kwa difu nyingi ni hadi ukingo wa tundu la kujazia. Ukifungua ikamwagika nyingi, mtu alizidisha. Na pitisha ukucha juu ya shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu hapo.

Wenye Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima ya mbele wanajua tope jeusi linaloshuka kwenye duara la chuma nyuma ya gurudumu na kulowesha tairi kwa ndani. Hapo uzito ndio unaosema. Ikiwa ni grisi nzito kama ilivyotiwa, sili inayopangusa lile duara imechoka. Ikiwa ni nyepesi kama mchuzi na ina harufu ya salfa, sili ya ndani ya ekseli imeruhusu oili ya difu kuchanganyika na grisi, na kubadilisha sili ya nje peke yake ni kuwarudisha wenye gari kwenu kwa malalamiko.

Chanzo kisipojitokeza, osha. Maji ya sabuni na brashi vinatosha kwa mpira. Petroli msiipeleke hapo, huuharibu. Kaushia, kisha nyunyiza unga mwepesi wa talki kuzunguka sehemu unazoshuku, uendeshe mwendo mfupi wenye kona za kulia na kushoto, halafu utazame tena. Unga uliolowa unaonyesha mahali halisi, bila ubishi. Inachukua muda, na mwenye gari atauliza mbona unaosha badala ya kutengeneza. Mweleze. Akiuona mstari ule mweusi juu ya unga mweupe kwa macho yake, hatauliza tena.

Umepata chanzo. Bado hujaamua nini kibadilishwe, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaobadilisha shafti nzima kila mpira unapochanika. Shika grisi iliyobaki, isugue kati ya vidole viwili. Ikiwa laini, ufa ni mpya, na gari halikuwa na mlio, jointi hiyo inastahili kuoshwa, kukaguliwa, kutiwa grisi mpya na kufungwa mpira mpya. Ukihisi mchanga, au ukiona chembe zinazometa kwenye mwanga, fungua utazame mifereji na gololi. Vishimo au makovu yanayokwaruza ukucha yana maana jointi imekwisha. Endesha gari pia. Mlio wa ta-ta-ta unapokata kona hadi mwisho huku ukiongeza mafuta ni jointi ya nje. Mtetemo unaokuja unapoongeza mafuta kwenye njia iliyonyooka, na kutulia ukiachia, mara nyingi ni jointi ya ndani ya miguu mitatu. Jointi inayolia tayari haiponi kwa mpira mpya wala kwa grisi mpya. Kumtoza mtu fedha za mpira hapo ni kumdhulumu, kama vile kumuuzia shafti nzima asiyeihitaji ni dhuluma.

Mipira ya kubandika kwa gundi, ile iliyopasuliwa ili isilazimu kuchomoa shafti, mimi naichukulia kama msaada wa kumfikisha mtu, si matengenezo.

Na mpira ukichanika mara ya pili mahali palepale baada ya muda mfupi, msiulaumu mpira tena. Pimeni kimo cha gari kutoka ardhini. Aliyeinua springi za mbele kwenye gari lenye magurudumu yanayojitegemea ameongeza pembe ya shafti, na mikunjo inasagana yenyewe kwa yenyewe kila mzunguko. Tikiseni injini kwa mkono mtazame mauntini zake, raba zinazoishikilia mahali pake: iliyokufa huruhusu injini kusogea, na jointi ya ndani huvutwa kupita safari yake. Tazameni kama bomba la moshi limesogea karibu, na kama kizuizi kinachozuia usukani kukatwa kupita kiasi bado kipo, maana kikikosekana jointi ya nje hupinda kuliko ilivyoundwa kupinda. Sababu hizo zote ziko nje ya jointi, na zote huonekana bila kufungua shafti.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.